Mpangaji wa Juu Aliyengoja Treni ya Kamina

Aruna Lukali aliendesha malori kwa miaka ishirini na tisa, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kununua kitu bila kwanza kukipiga teke. Ndivyo kazi ilivyomzoesha. Tairi, kitanda, meza ya kulia ambayo mkewe Mwanabibi aliitamani sana, hata mbuzi wa Idi: Aruna aliinua mguu, akatoa teke moja la wastani, kisha akatega sikio kusikia kitu kile kinajibu nini. Meza ilijibu vizuri. Mbuzi alijibu kwa teke la kwake.

Basi siku alipokwenda kuangalia nyumba ya Mama Sylvie karibu na gare, yaani stesheni ya treni, ya Likasi, majirani walimwona mzee wa koti la kahawia akiizunguka nyumba polepole, akiupiga ukuta teke hapa, akisogea hatua tatu, akiupiga tena kule. Nyumba yenyewe ilikuwa etaje, maana yake nyumba ya ghorofa, yenye makao manne: mawili chini, mawili juu. Aruna aliingia ya chini, akanusa pembe zote. Alifungua na kufunga kila mlango mara mbili. Alilala chali sakafuni kutazama chini ya karo la jikoni, kama vile angetazama chini ya lori. Kisha akasimama, akajipangusa vumbi, akasema, "Iko muzima. Ninaikamata."

"Papa Aruna, ku juu haupande?" Mama Sylvie akamwuliza.

Aruna aliitazama ngazi. Ilikuwa na vidato kumi na nane. Goti lake la kushoto, lile lililokanyaga klachi kati ya Kasumbalesa na Kolwezi zaidi ya nusu ya maisha yake, ndilo lililomfanya auze lori lake. Daktari alimwambia achague kimoja, gari au goti. "Juu na chini ni sawasawa," akajibu. "Kama shasi iko muzuri, bodi itakuwa muzuri."

Mwanabibi aliuza vitenge sokoni, na hakuwahi kununua hata sindano bila kuijaribu kwenye kitambaa. Aliposikia habari hiyo alishika kiuno.

"Umeuzisha kamio yenye kutembea, unanunua nyumba yenye kusimama. Na juu yake haujafika?"

"Sikiliza, mama. Likasi ni mji ya bantu ba kupita. Ba kamio banapita, ba treni banapita, ba mine ba Kakanda banapita. Muntu anapita, anapita, siku moja anachoka. Akichoka atalala wapi? Kwangu!"

"Na kama hachoke?"

"Kila muntu anachokaka," akasema Aruna, na kwa upande wake jambo likawa limekwisha.

Mapatano yalisomwa kwa Kifaransa na karani mmoja mwenye sauti nyembamba. Alipofika ukurasa wa pili, nje kulikuwa na lori linapanda mlima, na Aruna alisikia wazi kwamba sindano zake za mafuta zimechoka. Akatikisa kichwa kwa huruma. Karani akaona mteja anakubali, akaendelea. Lori likabadilisha gia vibaya. Aruna akatikisa kichwa tena. Hivyo ndivyo alivyokubali ukurasa wote wa pili, kifungu kwa kifungu, na mwisho akatia sahihi kwa mkono wa mtu mwenye haraka ya kutoka nje kumshauri dereva.

*

Mpango wake ulikuwa mzuri. Makao mawili ya chini yalikuwa na watu wake tayari: upande mmoja Mama Suzanne, mwalimu wa shule ya msingi, upande wa pili Cathy, msusi aliyegeuza sebule yake kuwa saluni. Ya juu Aruna alidhani ni matupu yote mawili. Injinia mmoja wa mgodi wa Kakanda alikwisha kumpigia simu akitaka makao yenye baraza ya juu, yenye hewa, na Aruna alimwahidi papo hapo.

Wiki ya kwanza alipanda ngazi, akipumzika kila baada ya vidato sita. Makao ya kulia, yanayotazama nyuma ya nyumba, yalikuwa matupu kweli. Mlango wa kushoto ulikuwa wazi. Nyuma ya mlango palikuwa na sanduku kubwa la bati limefungwa kwa kufuli, na nyuma ya sanduku, kwenye baraza inayotazama reli, alikaa mzee mwembamba mwenye kofia ya reli, shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ikakata kama kisu, na saa mkononi.

"Karibu mu salle d'attente," mzee akasema bila kugeuka, kana kwamba baraza ni chumba cha kungojea abiria.

"Bonjour, papa. Minye njo Aruna, mwenye nyumba wa mupya."

"Philippe Mwape. Zamani nilikuwaka chef de gare, mukubwa wa gare. Uko na ticket?"

"Ticket ya nini? Hii ni nyumba yangu!"

"Basi ikala, papa. Treni haijafika."

Aruna akalikalia lile sanduku kwa sababu goti lilikuwa linamwaka moto, na akasikia habari yote. Papa Philippe alitoka kwenye kituo chake kidogo alipostaafu, akashuka Likasi akiwa njiani kwenda Kamina kukaa na binti yake Reine. Akapanga hapa kwa Mama Sylvie, siku tatu tu, angoje treni. Siku hizo tatu zilikuwa zimefika miaka kumi na mmoja.

"Na karatasi iko," akasema Papa Philippe, akatoa bahasha yenye nakala ya ukurasa wa pili wa mapatano.

Aruna hakuwa na miwani. Wakamwita Mama Suzanne kutoka chini, naye akasoma kwa ile sauti ya kuandikisha imla, akitafsiri polepole: "Mpangaji atakaa katika makao yenye baraza mpaka siku atakapopanda treni ya kwenda Kamina. Mpaka siku hiyo bei haitabadilika. Mnunuzi wa nyumba anakubali." Akageuza karatasi. "Papa Aruna, signature yako iko huku. Umeandika na 'nimesoma, nimekubali'."

"Ile siku kulikuwa kamio!" Aruna akalalamika. Hakuna aliyemwelewa. Akamgeukia Papa Philippe. "Miaka kumi na moya treni haikupita?"

"Ilipita. Mingi sana."

"Sasa?"

Papa Philippe aliangalia reli kwa masikitiko. "Hakuna hata moja yenye ilikuwa ya muzuri."

*

Mtu mwingine angekata tamaa, lakini Aruna alishuka ngazi akipiga mluzi. Kwake jambo hili lilikuwa mzigo, na mizigo ndiyo aliyoijua. Alikwisha kuhamisha tani arobaini za mawe ya shaba katika mvua ya Januari. Je, angeshindwa na mzee wa kilo hamsini na tano, kutoka baraza hadi gare, mita mia tatu, tena mteremko?

Treni ya kwanza ilipotangazwa, alinunua tiketi mwenyewe akapanda nayo juu. Papa Philippe alivaa kofia, akasimama, akatega sikio. "Mashine inakohoa," akasema.

Aruna naye akatega sikio. "Haikohoe. Inasafisha koo."

"Inakohoa. Kifua iko mubaya."

"Papa, minye nimesikiliza mashine maisha yangu yote!"

"Ya mafuta. Ile ni ya courant, ya umeme. Ya courant ikikohoa, ni ya kufa."

Walibishana vizuri sana, kila mmoja akiiga kikohozi anachokijua, mpaka Mama Suzanne akapanda kuuliza kama kuna mgonjwa. Walipotazama tena, treni ilikuwa imekwisha kuondoka.

Ya pili ilifika dakika tatu kabla ya saa, na Papa Philippe akakataa kuipanda kwa sababu treni inayofika kabla ya saa haina adabu. Ya tatu alikubali. Alifika hadi kidato cha kumi, akarudi juu kuhakikisha amefunga dirisha. Kufunga dirisha kulichukua muda wote ambao treni ilisimama gareni, pamoja na dakika mbili za ziada.

Katika kupanda na kushuka huko, goti la Aruna, badala ya kuzidi kuumia, likaanza kulainika. Mwanabibi aliona pia kwamba mumewe sasa anakwenda kwenye etaje hata siku ambazo hakuna treni.

"Unaenda wapi?"

"Kumufukuza Papa Philippe."

"Na ile termosi ya chai?"

"Kufukuza muntu kunaleta kiu," akajibu Aruna, akatoka haraka.

Lakini injinia wa Kakanda alikuwa anapiga simu kila siku mbili, na sauti yake ilianza kuwa ya mtu anayeangalia nyumba nyingine. Aruna akapiga moyo konde. Alimwomba Mama Suzanne atafute namba ya Reine kule Kamina, na mwalimu, ambaye anajua kutafuta wazazi wa watoto watoro, aliipata kwa siku moja. Wakapanda wote juu. Aruna akapiga, akaweka sauti ya nje, akailaza simu juu ya sanduku.

"Papa!" sauti ya Reine ikapasua chumba. "Banasema unakuya! Njo kweli?"

Papa Philippe aliitazama ile simu kama treni inayokuja kwenye njia isiyo yake.

"Bajukuu beko banauliza kila siku. Papa, unanisikia?"

"Ninakusikia, mama." Alivua kofia, akaivaa tena. "Mardi," akasema kwa sauti ndogo. "Nitakuya mardi."

*

Jumanne Likasi iliona msafara. Cathy alikuwa amemnyoa Papa Philippe bure, akamkata vizuri hata nywele za masikioni. Mama Suzanne alipika bukari, yaani ugali, na samaki thomson, akafunga nyingine kwa safari. Mwanabibi alileta kitenge cha Reine. Vijana wawili wa gare walibeba sanduku, na Aruna alitembea nyuma yao akipiga kelele: "Polepole! Upande wa kushoto juu! Hamujui kupakia!"

Treni ilikuwepo, ndefu, imejaa watu na magunia na kuku. Papa Philippe aliizunguka mashine, akaikagua magurudumu, akatafuta kasoro hata moja. Jasho lilimtoka usoni ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Inakohoa?" Aruna akamwuliza.

"Hapana," mzee akakiri kwa huzuni.

Akapanda. Akakaa dirishani, mikono magotini, macho yamefumbwa. Wapangaji wakapiga makofi. Aruna naye akapanda nyuma yake, kwa sababu alikuwa ameona jinsi wale vijana walivyolitupa sanduku juu ya kibao cha mizigo bila kulifunga, na jambo hilo moyo wake haukuweza kulivumilia. Akatoa kamba mfukoni. Aruna hakutembea kamwe bila kamba. Akaanza kulifunga sanduku lile kwa fundo lake mwenyewe, fundo la madereva wa masafa marefu, lenye mizunguko saba.

Alikuwa kwenye mzunguko wa nne pale mkuu wa gare, kijana mpya kazini, alipopuliza filimbi.

Papa Philippe akafumbua macho. Filimbi ile ilikuwa dhaifu, imekatika katikati, kama ya mtoto anayechezea mfuniko wa kalamu. Kijana akapuliza tena, vibaya zaidi. Dereva wa treni akachungulia nje asijue kama anaambiwa aende au angoje.

"Haiko vile!" Papa Philippe akanguruma. Akainuka, akashuka, akamwendea yule kijana akiwa amenyoosha mkono. "Leta hapa. Mutoto wangu, filimbi haipulizwe na mudomo, inapulizwa na tumbo. Simama sawa. Bendera juu. Angalia."

Akavuta pumzi ya miaka kumi na mmoja, akapuliza. Filimbi ilitoka ndefu, moja, imenyooka kama reli. Akashusha bendera.

Treni ikaondoka.

"Mzunguko wa saba," alikuwa anasema Aruna peke yake, akiivuta kamba kwa mguu. Aliponyanyua kichwa, aliona nje ya dirisha Mwanabibi anapita. Kisha Mama Suzanne anapita, na Cathy anapita mkono mdomoni. Mwisho akapita Papa Philippe amesimama wima, bendera ubavuni, akiisindikiza treni kwa saluti, na uso wake ukibadilika kidogo kidogo kadiri alivyoelewa ni nani yuko dirishani.

*

Simu ililia kabla hawajatoka mjini.

"Uko wapi?" Mwanabibi akauliza, ingawa alikuwa amemwona kwa macho yake.

"Niko mu treni."

"Unaenda wapi?"

"Kamina, inaonekana."

"Aruna! Shuka Tenke, utafute kamio ya kurudia!"

"Na muzigo?"

"Muzigo gani?"

"Sanduku ya Papa Philippe. Mwanabibi, miaka makumi mbili na tisa sijaacha muzigo ya muntu mu njia."

"Basi wende," mkewe akasema kwa sauti ya mtu anayejizuia kucheka. "Lakini Papa Philippe analia hapa. Anasema pole."

Mkaguzi wa tiketi akafika. Tiketi ilikuwa mfukoni mwa Aruna, maana ni yeye aliyeinunua, nayo ilikuwa na jina la Philippe Mwape. Mkaguzi alisoma jina, akasoma tena, akavua kofia.

"Papa Philippe? Ule chef de gare? Njo weye ulifundishaka papa yangu kazi!"

Aruna alifungua mdomo kusema ukweli, lakini mkaguzi alikwisha kuita wenzake. Walimhamishia kwenye kiti chenye mto. Wakamletea chai. Wakamzunguka, wakataka awaambie siri ya kazi ya reli. Aruna aliona ukweli sasa umechelewa, akakohoa, akasema mambo yaliyomjia: kwamba mteremko usiaminiwe, kwamba ukisikia sauti mpya usimame, kwamba mzigo ufungwe kwanza, maneno baadaye. Wafanyakazi wale wakaitikia kwa vichwa. Mmoja aliandika.

"Na ku carrefour, ku njia panda, papa?" huyo mwandishi akauliza. "Mashine mbili bikikutana?"

"Mukubwa anapita mbele," akajibu Aruna bila kusita, na kalamu ya yule mwandishi ikasimama.

Mama mmoja mwuza samaki aliyeitwa Émérence, aliyekaa mbele yake na beseni miguuni, alimsogelea polepole. "Weye hauko chef de gare," akanong'ona.

"Umejua aje?"

"Kila tukipita mu kona, mikono yako inageuza volani ya kamio."

Lakini hakumsema. Alimpa karanga, na wakaendelea. Safari ilikuwa ya siku moja na nusu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utu uzima Aruna alikaa kwenye chombo kinachokwenda na mtu mwingine akashika usukani. Mwanzoni mguu wake ulitafuta breki kila dakika. Baada ya Tenke mguu ukachoka kutafuta. Alitazama nje, akaona miti ambayo haikumhusu, mashimo ambayo hakupaswa kuyakwepa, na askari wa vizuizi ambao hawakumwomba karatasi yoyote. Akalala usingizi wa mtoto.

*

Gareni Kamina palikuwa na kwaya. Hakuna aliyekumbuka kumpigia Reine, naye alikuwa ameomba watu kumi na wawili wa kanisa lake waje kumpokea baba yake, na walikwisha kufika ubeti wa pili pale Aruna aliposhuka na koti lake la kahawia, sanduku likimfuata. Kwaya ilipungua sauti moja baada ya nyingine, hadi akabaki baba mmoja wa besi aliyekuwa amefumba macho.

"Weye ni nani?" Reine akauliza.

"Minye ni mwenye nyumba," akasema Aruna. "Papa yako amebakia."

Aliposimuliwa yote, Reine alikaa juu ya sanduku akacheka hadi kilemba kikamdondoka. Kisha akapangusa macho, akasema jambo ambalo Aruna hakulitazamia hata kidogo.

"Papa anatapikaka mu treni."

"Aje?"

"Tangu utoto. Hata kilometa tano hafikishe. Maisha yake yote alifanya kazi ya kutuma treni, sababu hakutaka kuwa ku ndani. Kule kazini hakuna muntu alijua. Aliona haya, Papa Aruna! Chef de gare muzima!"

"Na bus?"

"Bus, anasema ni ya bantu bale balikosa treni."

Nyumbani walikata kufuli, wakafungua sanduku. Ndani mlikuwa na zawadi za wajukuu, zilizofungwa kila moja kwa gazeti la mwaka wake. Viatu vya mtoto wa miaka mitatu vilikuwa vya mjukuu wa kwanza, Jaël, ambaye sasa ana miaka kumi na minne na alisimama pale mrefu kuliko mlango, akavishika mkononi, akavigeuzageuza. Palikuwa na gauni, mpira uliokwisha pumzi, kitabu cha kupaka rangi. Kila mwaka mzee alinunua kweli, na kila mwaka alikusudia kweli. Aruna akaomba maji.

Reine aliwapigia simu wadogo zake, akatafuta mtu wa kuangalia kibanda chake cha unga, akapanga nguo. "Kama yeye hawezi kuya, minye nitaenda," akasema. "Njo kintu ilikuwa ya kufanya tangu zamani. Lakini kila mwaka aliniambia yuko mu njia."

*

Treni ya kurudi ilipoingia Likasi, siku ya nane tangu safari ile ianze, filimbi iliyoipokea ilikuwa ndefu na imenyooka. Papa Philippe alimwona binti yake dirishani akasahau bendera juu, hata dereva akasimamisha treni mita ishirini nyuma ya mahali pake. Reine alimkumbatia. Mzee alikuwa anasema, "Karibu, karibu, ulisafiri muzuri? Hukutapika?" na Reine akamjibu kwamba hapana, papa, mu familia yetu ni mmoja tu.

Masikio ya Papa Philippe, yale ambayo Cathy aliyakata nywele, yakawaka moto kwa aibu. Aruna alijifanya anahesabu magurudumu ya behewa.

Kwenye etaje Aruna alikuta mambo. Kwenye ukuta wa ngazi palikuwa na ratiba iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri: saa ya kuteka maji, saa ya kufagia ngazi, zamu ya nani. Bomba lililokuwa likivuja tangu enzi za Mama Sylvie lilikuwa kavu. Cathy alikuwa ameacha kumwaga maji ya nywele uani, kwa sababu kila alipoinua beseni, filimbi ya Papa Philippe ililia juu ya kichwa chake.

"Na injinia wa Kakanda?" Aruna akauliza kwa hofu.

"Alifika," akajibu Mwanabibi, ambaye wiki nzima alishinda pale akiangalia mali yao. "Alitaka ya baraza. Papa Philippe akamuambia ukweli wote: treni, filimbi, bantu ba gare asubuhi na mapema. Akamuambia ya nyuma iko kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Injinia akachukua ya nyuma, kwa bei ulitaka ya mbele. Ameleta na kitanda."

Aruna alikaa. Alikuwa na ghorofa iliyojaa, na kazi yote iliyofanyika kuijaza ilikuwa yeye mwenyewe kutokuwepo.

Ndipo Mama Suzanne akatokea na ile karatasi. Alikuwa ameisoma tena, kwa makini ya mwalimu, na alikuwa na swali. "Hapa banaandika 'siku atakapopanda treni'. Habakuandika 'siku atakapofika Kamina'. Papa Philippe alipanda. Alikaa. Tulipiga na makofi."

Watu wote wakamtazama Papa Philippe. Mzee akavua kofia. "Ni kweli," akasema. "Nilipanda. Mapatano imekwisha." Akatazama baraza yake, akaanza kutafuta kwa macho vitu vya kufunga, lakini sanduku Reine alikuwa ameliacha kule Kamina, limejaa unga.

Aruna alimkazia macho mkewe, na mkewe akamkazia macho yeye. Walikuwa wameishi pamoja muda mrefu wa kutosha kuelewana kwa macho.

"Tutaandika ingine," akasema Aruna. "Baraza ni yako, bei ni ya leo, haiko ya zamani. Lakini ile kazi yako ya ratiba na maji na kufagia, nitakulipa kwa mwezi. Utakuwa chef."

"Chef de gare?"

"Chef ya etaje."

Papa Philippe alifikiri. "Etaje yenye haina jina la gare haina heshima," akasema, na wakabishana juu ya hilo mpaka chai ikapoa. Mwanabibi ndiye aliyekata shauri: jina litaandikwa, lakini dogo, na juu ya mlango wa nyuma.

Reine alikaa majuma mawili, akalala katika chumba cha mbele na kuamshwa na filimbi kila asubuhi. Siku ya kuondoka, wote walimsindikiza. Papa Philippe alimfundisha tena yule kijana wa gare, tumbo ndani, bendera juu, na safari hii kijana alipuliza vizuri. Aruna alitazama kibao cha mizigo kupitia dirishani. Mfuko wa Reine haukuwa umefungwa. Akaingiza mkono mfukoni, akaishika kamba.

Mwanabibi alikuwa amekwisha kumkamata koti kwa mikono miwili, na hakumwachilia mpaka behewa la mwisho lilipopita.